Kabla hujanunua gemu la vita vya kihistoria

Mpwa wangu alinipigia juzi: "Anko, nataka gemu la Vita Kuu ya Pili. Nianze na lipi?" Nikajua ameshaliona Hearts of Iron IV kwa rafiki yake, roho inamdunda. Nikamwambia atulie kwanza. Mimi nililinunua mwaka lilipotoka, 2016, nikakesha nalo wiki mbili bila kuelewa kwa nini ndege zangu haziruki. Linakukabidhi dunia nzima kuanzia 1936, na viwanda vyake, mafuta yake, fitina zake. Zuri, ila si la kuanzia.

Nikamshauri aanze na Unity of Command, la 2011. Ni dogo, na halisumbui hata laptopu ya mtumba. Ramani yake ni ya vipande vya pembe sita, mnacheza kwa zamu, na vita ni vile vya Wajerumani na Wasovieti kusini mwa Urusi kuanzia kiangazi cha 1942.

Mara ya kwanza nilipeleka vifaru vyangu mbio kuelekea mashariki, najiona jemadari. Zamu chache tu, vikasimama nyikani. Havikuwa vimepigwa na mtu, vilikosa mafuta: nilivipeleka mbali na reli, na Msovieti akapenya nyuma akanikatia njia. Hapo ndipo nilipotafuta kujua mambo ya reli zenyewe. Ya Wasovieti ilikuwa na upana wa milimita 1,524, ya Wajerumani 1,435, kwa hiyo mafundi walilazimika kusogeza vyuma kwanza ndipo treni ya Mjerumani ipite. Aliyeiona reli ya zamani ya mita moja na SGR pale Dar es Salaam hahitaji kuchorewa. Ukisoma jambo hilo kitabuni utalisahau kesho. Ukipoteza vifaru vyako vyote kwa sababu yake, hulisahau.

Ila magemu haya yana uongo wake. Kwanza, unaujua mwisho. Tarehe 19 Novemba 1942 Wasovieti walivunja majeshi ya Waromania yaliyolinda ubavu wa Wajerumani, na siku nne baadaye wakakutana karibu na Kalach, Stalingrad ikazingirwa. Mimi nikikabidhiwa jeshi la Mjerumani pale, katika gemu lolote lile, nahamisha vifaru ubavuni mapema kabisa. Ujanja gani huo? Tena Paulus, jemadari wa Wajerumani waliozingirwa, aliomba ruhusa ya kurudi nyuma, Hitler akakataa. Mchezaji ndiye Hitler, ndiye Paulus, ndiye dereva wa lori, na amri zake zote zinatiiwa papo hapo.

Pili, na hili ndilo linaloniuma, hakuna raia. Mji ni picha ndogo inayobadilisha bendera. Hearts of Iron inakuhesabia chuma na mafuta, lakini mauaji ya Wayahudi hayamo. Nawaelewa watengenezaji, nani atake kitufe cha jambo kama lile? Lakini matokeo yake nimekutana na vijana wanaolisifia jeshi la Hitler kama timu ya mpira.

Sisi tunaopita Kariakoo kila siku tulipaswa kulistukia hilo mapema. Jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza walipokuwa wakimfukuza von Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani huku kwetu, katika Vita Kuu ya Kwanza. Mbung'o waliua wanyama wa mizigo, kwa hiyo unga na risasi vikabebwa kichwani, na wabebaji wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa. Ugavi ule ule ninaousifia, yaani kulipelekea jeshi chakula, mafuta na risasi, kwenye kioo ni mstari wa rangi tu. Huku kwetu mstari huo ulikuwa watu.

Kwa hiyo cheza, ila subiri bei ishuke, maana hushuka mara kwa mara. Cheza pande zote mbili. Ukikosea usirudi kwenye nakala uliyohifadhi, meza kosa lako uendelee. Na uwe na kitabu kimoja cha vita hivyo hivyo pembeni.

Jana usiku mpwa akapiga tena, saa sita kasoro. "Anko, vifaru vyangu vimegoma."

"Reli umeifikisha wapi?"

Kimya.