Swali la lugha: Bakteria wamepata usugu au ukali?

SWALI: Ninaandika makala ya sayansi kwa wasomaji wa kawaida. Mhariri amenirudishia sentensi hii: "Bakteria hizi zimepata usugu kutoka kwa jeni inayotembea, ndiyo maana zinaua haraka." Amepigia mstari *hizi*, *usugu*, *kutoka kwa* na *inayotembea*, bila maelezo. Kosa liko wapi?

JIBU: Makosa hayo hayana uzito sawa. Lililopotosha maana ni *usugu*, kwa hiyo tuanze nalo.

Usugu ni uwezo wa kimelea kustahimili dawa iliyokusudiwa kukiua. Kuua haraka ni jambo jingine, nalo huitwa *ukali*: kiasi ambacho kimelea kinaweza kumdhuru aliyeambukizwa. Bakteria sugu anaweza kuwa mpole, na bakteria mkali anaweza kuangamizwa na penisilini ya kawaida. Mtazame Staphylococcus aureus. Kipande cha DNA kiitwacho SCCmec humpa usugu dhidi ya antibiotiki ya methisilini. Sumu ya PVL, inayotoboa chembe nyeupe za damu, hutokana na jeni zilizoletwa na faji, yaani virusi vinavyoshambulia bakteria. Anaweza kuwa na kimoja bila kingine, au vyote viwili. Akiwa na vyote, andika maneno yote mawili.

Wengine hukwepa *ukali* na kuandika *sumu*. Hilo nalo halitoshi, maana sumu ni silaha moja tu. Bacillus anthracis, bakteria wa kimeta, ana plasmidi mbili, yaani vipande vya DNA vilivyo nje ya kromosomu: pXO1 yenye jeni za sumu, na pXO2 yenye jeni za kapsuli, utando unaomkinga asimezwe na chembe za kinga. Akipoteza pXO2 huendelea kutengeneza sumu, lakini ukali wake hushuka sana. Hiyo ndiyo hali ya aina ya Sterne, inayotumika kuchanja mifugo. Usichanganye pia *ukali wa kimelea* na *ukali wa ugonjwa*. Kimelea kilekile kikali kinaweza kumlaza kitandani mtu mmoja na kumpitia kidogo tu mwenzake aliyechanjwa.

*Inayotembea* inaeleweka, ila haisemi nani anamhamisha nani, na Kiswahili kina minyambuliko ya kulisema hilo barabara. Transposoni, kipande cha DNA kinachoweza kubadili mahali, *hujihamisha*: hubeba jeni ya kimeng'enya kinachoikata na kuipachika mahali pengine kwenye DNA. Jeni za sumu ya dondakoo na za sumu ya kipindupindu *huletwa* na faji. Mtafiti aliyeonyesha hivyo kwa dondakoo ni Freeman, mwaka 1951, na kwa kipindupindu ni watafiti Waldor na Mekalanos, mwaka 1996. Plasmidi nyingine zina jeni za kujenga njia ya kupitia kutoka seli moja hadi nyingine, na nyingine *huhamishwa* kwa msaada wa plasmidi jirani. Kwa plasmidi, hata *kuhama* kwenyewe kunahitaji uangalifu, kwa sababu anayetoa hubaki na nakala yake. Mimi ningeandika *kupokezwa*.

Viambishi vya njeo navyo vina kazi. Bakteria wengi wana visiwa vya jeni za ukali, vipande virefu vya DNA vilivyoingia zamani, mara nyingi kando ya jeni za tRNA (molekuli zinazosaidia kujenga protini). Baadhi vimepoteza sehemu zilizoviwezesha kuondoka. Hivyo ni visiwa *vilivyohamia*. Ukiandika *vinavyohama* umedai kwamba hadi leo vinaendelea kuhama. Angalia umoja pia: sumu ya kipindupindu pekee inahitaji jeni mbili, ctxA na ctxB, nazo husafiri pamoja na nyingine. Mara nyingi ni *jeni zilizo-*, si *jeni ili-*.

*Kutoka kwa* hutaja mtoaji, na mtoaji hapa ni bakteria mwingine au faji. Jeni ndiyo iliyopokewa, na ukali ni matokeo yake, kwa hiyo sema *kutokana na*.

*Bakteria hizi* utaisikia sana. Bakteria ni kiumbe hai, nami hushikilia upatanisho wa A-WA: *bakteria huyu*, *bakteria hawa*. Virusi na vimelea vimezoeleka katika KI-VI (*virusi vya Ukimwi*, *vimelea vya malaria*), na sioni faida ya kupigana na mazoea hayo. Kinachoudhi ni aya moja yenye *bakteria hawa* na *bakteria zile*.

Kama uliyemkusudia amepata jeni zake kwa faji, andika: "Bakteria hawa wamepata ukali kutokana na jeni zilizoletwa na faji, ndiyo maana wanaua haraka." Kama ni kwa plasmidi, badili kipande cha kati kiwe "jeni zilizo kwenye plasmidi waliyopokezwa na bakteria wengine". Kama chanzo chako hakisemi ni njia ipi, "jeni walizopokea" inatosha.