Barua kwa Mwanangu Anayeona Aibu Kutangaza Mtandaoni

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama duka lako la mapazia hapo Mbagala linaweza kusonga mbele bila mitandao ya kijamii, kwa kuwa huna hulka ya kujionyesha na unaona haya kujisifu mbele ya watu usiowajua. Litasonga, lakini kwa shida, maana mnunuzi wa leo, hata akiwa amesimama katikati ya Kariakoo, hutazama simu kwanza akalinganisha. Nakusihi uingie, ila kwa njia inayolingana na tabia yako.

Hakuna anayekulazimisha kucheza mbele ya kamera. Anza na WhatsApp Business, programu ya bure iliyotoka mwaka 2018, ambayo hukuwezesha kupanga mapazia yako pamoja na bei zake, kuonyesha saa za kufungua duka na kuweka jibu la kumpokea mteja anayeandika usiku. Isajili kwa namba ya duka. Kila anayenunua mwombe aihifadhi namba hiyo, nawe uihifadhi yake, kwa sababu picha za stetasi huonwa na wale tu mliohifadhiana namba, nazo hutoweka baada ya saa 24. Unaweza pia kutuma tangazo moja kwa orodha ya watu wasiozidi 256, lakini asiyekuhifadhi halitamfikia. Ndiyo maana nawathamini wachache waliokwisha kushona kwako kuliko maelfu ya wafuasi wa kununua, jambo ambalo sitaki hata ulifikirie.

Instagram ije baadaye, ukishazoea. Piga picha pazia likiwa limetundikwa dirishani mchana, ueleze upana, urefu, aina ya kitambaa, na kama shela, lile pazia jepesi la ndani, imo ndani ya bei. Na hiyo bei, mwanangu, iandike. Desturi hii ya wafanyabiashara wetu wa Dar es Salaam ya kuandika "bei njoo inboksi" inanikera kweli, kwa kuwa mnunuzi huhisi anapimwa mfuko kabla ya kutajiwa, na wengi hupita kimya. Ukihofu kwamba jirani ataiona bei yako, kumbuka kwamba anaweza kumtuma mtu dukani kuiuliza wakati wowote.

Mtu akilalamika hadharani kwamba pindo limefumuka, mjibu hapohapo kwa upole, umwambie alilete ulishone upya, wala usiyafute maneno yake. Sebule ya mteja usiipige picha bila ruhusa yake.

Kabla hujaweka hata picha moja, washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani namba ya siri ya ziada ya kulinda akaunti yako, na zile tarakimu 6 zinazotumwa wakati wa kusajili namba usimpe mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa ametoka kampuni ya simu. Jumamosi nitafika dukani mapema tuanze na shela nyeupe.

Mama yako