Ulipoulizwa kama ni dereva, mbona ulinyamaza?

*Assalamu alaykum Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, nafanya kazi ofisi moja hapa mjini na tunakaa Fuoni. Mume wangu ni fundi gereji. Halewi, hanipigi, lakini hajui kuvaa. Yeye ndiye anayewachukua watoto skuli na kuwapeleka chuoni kusoma Kurani kwa kuwa kazi yake ni ya kujiajiri. Basi huja na vespa, shati limejaa oili, kandambili miguuni, begi la pinki la mtoto kalitundika shingoni. Wiki iliyopita alipita ofisini kuniletea funguo. Mwenzangu mmoja akaniuliza, "Huyu ndiye dereva anayekuchukulia watoto?" Nikanyamaza kwa haya. Nimemwambia anunue nguo, anasema hana pesa. Nikimwomba pesa ya sare ya harusi ananuna, na tangu Mfungo Mosi nimeshona tatu tu. Wahenga walisema mke ni nguo. Nifanyeje ili aende na wakati? Na je, hina na piko zinafaa kwa mwanamke wa ofisini?*

*Mwenye Haya, Fuoni*

Waalaykum salaam, mwanangu. Pole, kuona haya mbele ya wenzako ni kitu kizito. Pole yangu inaishia hapo.

Shati lake umeliandika, kandambili umeziandika, oili umeiandika. Kazi anayokufanyia umeipitisha juu juu, eti "kwa kuwa kazi yake ni ya kujiajiri". Kujiajiri ndiyo kukaa bure? Fundi akitoka gereji mchana, gari la mtu limebaki juu ya jeki na mwenyewe anapiga simu. Watoto wanatoka skuli, chuoni wanatakiwa saa nane, na hapo katikati wale, wabadilishe nguo, mdogo afungwe mtandio. Nani anamfunga mtandio huo? Hukuandika. Saa hizo wewe uko ofisini na mtoto hajifungi mwenyewe. Basi ni yeye, kwa mikono ile ile ya oili, na sina shaka kabla ya kuugusa mtandio mweupe anainawa kwa sabuni ya unga mpaka inachubuka. Ukitaka aje na shati la pasi, abadilishe wapi, na saa ngapi?

Tuje kwenye pesa. Anasema hana, wewe humwamini. Mimi namwamini. Sare tatu tangu Mfungo Mosi, na hilo "tu" lako limenichekesha. Kuna kitambaa, kuna fundi cherehani, kuna viatu na mkoba wa kufuatisha rangi, na mchango wa harusi juu yake. Kisha nguo yenyewe huvaliwa usiku mmoja ikalala, maana kila mtu ameshakuona nayo. Shati la mumeo liko ndani ya kabati lako, mwanangu. Fungua uangalie.

Na methali umeikata. Mke ni nguo, mgomba kupalilia. Sawa, mume amvishe mkewe, na huyu amekuvisha. Lakini Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara kasema wao ni vazi lenu na nyinyi ni vazi lao. Vazi kazi yake ni kusitiri. Wewe ulipoulizwa kama mumeo ni dereva ukanyamaza, ulimvua nguo mbele ya watu, naye kasimama pale na funguo zako mkononi. Halafu unajiita Mwenye Haya! Na udereva nao una ubaya gani?

Sijui somo yako, yule kungwi wako, alikufunda nini. Marehemu Bi Kidude, aliyetutoka mwaka 2013, wageni wanamjua kwa taarabu. Sisi wenyeji tunajua alikuwa kungwi pia, anapiga ngoma ya unyago na kuwafunda wari. Mtu alikuwa haingii nyumba ya mume hivi hivi. Wanawake wa Unguja na Pemba walikaa uani jioni na kofia ya viua mkononi, tundu moja moja, miezi inapita mpaka iishe, na mume akiivaa Ijumaa watu wanajua huyu ana mtu nyumbani. Wapo wanaoshona mpaka leo, Mungu awabariki. Wengine kofia ni ya mashine, ya kununua Darajani, na ukimuuliza mke kipimo cha kichwa cha mumewe hakijui. Anachojua ni rangi ya sare ya shoga yake. Sikukuu ikifika, baba, mama na watoto wanavaa kitambaa kimoja kama mapazia ya hoteli, wanapigwa picha, picha inapandishwa kwenye simu, basi hiyo ndiyo ndoa. Vijana wanaogopa kuoa kwa gharama za namna hii, halafu mama zao wananiandikia kuniuliza wamerogwa na nani. Haya, nisiende mbali.

Sijasema yeye hana kosa. Kwenda ofisini kwa mkewe, angalau angenawa miguu. Hilo linamalizwa na maji na sabuni, halina haja ya kufika kwangu.

Sasa sikiliza. Sare ya nne, maana najua ipo, jitoe. Pesa hiyo nenda nayo Mchangani ukamnunulie ovaroli mbili za buluu iliyokoza na makubadhi mazuri ya ngozi. Ovaroli anaivua gereji, shati la ndani linabaki safi, anapanda vespa yake. Usimtajie wenzako wa ofisini hata kidogo. Mwambie umeona anavyohangaika na watoto, kwa sababu hilo hujawahi kumwambia, ungewahi ungeniandikia. Alhamisi usiku kanzu yake ipige pasi mwenyewe, usimwachie dada wa kazi, uifukize udi kwenye chetezo kisha umtundikie. Na Jumatatu mfuate yule mwenzako mezani kwake, umwambie, "Yule uliyemwita dereva ni mume wangu." Usiongeze neno, wala usichekecheke.

Hina na piko zinafaa, nani kakwambia hazifai? Ila hiyo piko ya rangi nyeusi ya kupakia nywele iache kabisa, inababua ngozi na alama yake haitoki upesi. Chukua hina ya majani, ikande na ndimu, upake ulale nayo.