Mabakuli Hayo Si ya Kulia, Baba

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni fundi seremala wa miaka 41, naishi Bagamoyo na mke wangu na watoto watatu. Ni mtu wa nyumbani, sina makuu. Raha yangu ni chai ya jioni kibarazani, redio, samaki wa kupaka Ijumaa na vitumbua Jumamosi asubuhi. Tuliishi hivyo kwa amani mpaka mwaka jana mke wangu alipoanza safari za Dar. Mara mbili kwa mwezi anaondoka alfajiri, anarudi usiku yuko hoi, hata kuongea hataki. Mwanzoni nilimpa 60,000. Tangu hapo hajaniomba hata nauli, nami najiuliza nani anampa. Nyumba imejaa mabakuli tusiyoyalia, na wanawake wa mtaani hawaishi kubisha hodi. Vitumbua siku hizi nanunua. Juzi alikiri kwamba alipanda pantoni mpaka Kigamboni akarudi, eti kupunga upepo. Bagamoyo hakuna upepo? Nimemkataza kwenda tena, amenuna wiki ya pili sasa. Dada yangu yuko tayari kumfuatilia. Nimruhusu?"

Mpenda Utulivu, Bagamoyo

Marahaba, mwanangu. Pole kwa wiki mbili za kununiwa. Chai ya nyumba iliyonuna haikolei hata ukiitia sukari vijiko vinne. Pole yangu imeishia hapo.

Umekuja kwangu kama mshitaki, lakini ushahidi wote ulioleta unamtetea mshitakiwa. Mabakuli msiyoyalia. Wanawake wanaobisha hodi. Mke asiyeomba nauli. Baba, wewe ni fundi, hebu yapange hayo matatu kama unavyopanga mbao kabla ya kupiga randa, uone yanavyokaa. Mkeo anafanya biashara. Wateja wake wanapita mbele ya kiti chako kila jioni, na wewe unaongeza sauti ya redio.

Unauliza nauli anapewa na nani. Anapewa na bakuli. Chukua hiyo 60,000 yako. Tuseme 12,000 ni nauli ya kwenda na kurudi, mzigo na chakula cha mchana. Zinabaki 48,000. Kwa bei ya jumla, tuseme 2,000 kila bakuli, anapata dazeni mbili. Mawili yanapasuka njiani, kwa sababu barabara ina matuta na konda hana huruma na boksi la mtu. Anabaki na 22, anauza 3,500 kila moja, inakuwa 77,000. Toa mtaji, faida 17,000. Nayo haiji mkononi siku moja, kwa maana nusu ya wale wanaobisha hodi hawakuja kununua, wamekuja kuomba waongezewe wiki. Anachukua ile 77,000 ikikamilika, anapanda tena basi. Huyo ndiye mwanaume unayemuogopa: faida ya 17,000 yenye madeni.

Kukuficha hakufanya vizuri, hilo simtetei. Lakini hebu tusome barua yako vizuri. Umekumbuka hadi leo ile 60,000 uliyotoa mwaka jana, umeitaja kama mtu anayeshika daftari la mkopo. Umeandika chai, redio, samaki, vitumbua. Una watoto watatu na barua nzima haina sare, haina madaftari, haina viatu. Januari iliyopita walikwenda shule peku? Kama walikwenda na viatu na hukumbuki kuvinunua, basi umeshajua faida ilikokwenda. Wanawake wengi hunyamaza kwa sababu hiyo hiyo. Mume akishajua mkono wa mkewe una kitu, wa kwake huanza kusahau: mwezi huu anasahau sukari, mwezi ujao mtungi wa gesi, mwisho anasahau kodi. Mkeo ameona ya wenzake akaufunga mdomo.

Sasa tuje kwenye vitumbua, maana naona ndivyo vilivyokuandikisha barua.

Wewe unavijua vikiwa kwenye sahani. Mwenzio anavijua tangu Ijumaa mchana. Kilo moja ya mchele inachaguliwa mawe, inaoshwa mpaka maji yatoke meupe, inalowekwa saa nane kwa uchache. Ukiloweka kwa haraka vitumbua vinakuwa na mchangamchanga mdomoni, na wewe ndiye wa kwanza kulalamika. Saa kumi alfajiri anakaa juu ya mbuzi kukuna nazi mbili, anakamua tui zito, anasagia mchele kidogo kidogo pamoja na iliki. Anatia sukari na hamira kijiko kimoja cha chai, anafunika, anasubiri saa nzima mpaka utoe mapovu. Tui likizidi, uji unakuwa mwepesi, unanywa mafuta na kung'ang'ania kikaango. Tui likipungua, kitumbua kinatoka kigumu kama kizibo. Halafu anawasha moto, nao uwe wa wastani: ukiwaka sana nje kinaungua na ndani ni uji, ukififia hakipandi. Kikaango cha mashimo saba, mafuta nusu kijiko kila shimo, dakika tano sita kila awamu, kugeuza kimoja kimoja kwa kijiti. Kilo hiyo inamsimamisha jikoni karibu saa nzima, moshi usoni, mtoto mdogo amemshika gauni.

Na ule mchele alikuwa anauloweka huku anakupikia samaki wa Ijumaa. Kumpara na kumchanja, kumpaka ndimu, tangawizi, saumu na chumvi. Kumchoma kwa mkaa, si kwa gesi. Pembeni tui zito na bizari kwenye moto mdogo, mwiko hautoki mkononi, maana tui likichemka bila kukorogwa linakatika, na tui lililokatika halipaki samaki, linachuruzika tu kwenye jiko. Kisha kupaka, kugeuza, kupaka. Wewe ulikuwa kibarazani, harufu inakujia, ukajisemea moyoni: sina makuu.

Unayo, baba. Hizo raha ndogo ndogo ni raha za maana na sikucheki kwa kuzipenda, chai ya saa kumi na moja kibarazani watu wanaitafuta hotelini kwa fedha nyingi hawaipati. Ila utulivu wako una mtu anayeutengeneza, na wa kwake hujawahi kuuliza uko wapi.

Mimi nakwambia uko kwenye pantoni. Hapo ndipo barua yako iliponisimamisha. Unasema Bagamoyo kuna bahari na upepo, asafiri zaidi ya kilomita 60 kwenda kufuata nini? Akienda ufukweni Bagamoyo hafiki hatua kumi hajaitwa. Mama fulani, lile bakuli langu la bluu vipi? Mama fulani, mwanao nimemwona anachezea matope. Mama fulani, mzee ametoka, anakuulizia funguo. Pale Magogoni anapanda, anashika ukingo wa chuma, meli kubwa zinapita kwenye mlango wa bandari, hakuna hata mmoja anayemjua. Kwa dakika chache si mama wa mtu, si mke wa fundi, hadaiwi vitumbua. Kigamboni hana shughuli, anazunguka na kupanda tena kurudi. Ndiyo starehe yake yote hiyo, na uzuri ni kwamba hata hakukudanganya. Alikwambia kwa mdomo wake. Mwenye lake jambo hasemi amekwenda kupunga upepo, anakuletea hadithi ndefu yenye shangazi mgonjwa ndani.

Ndoa za siku hizi zinanishangaza kwa jambo moja. Kila mwanaume anataka nyumba kama ya babu yake: sufuria linachemka, uani pamefagiwa, mke yupo. Nyumba ya babu ilikuwa na bibi mzaa baba, mawifi wawili, binti wa shangazi aliyeletwa kulelewa, na jirani aliyekuna nazi bila kuitwa. Mikono kumi ilipika ule wali. Leo ni vyumba viwili na sebule, mke ni mmoja, na mume anasema bibi yangu aliweza, wewe unashindwaje. Wanawake nao sitawaacha salama, wapo wanaotaka mji kila wiki kwa ajili ya picha tu, anarudi na picha arobaini na deni, chumvi ndani hakuna. Watu wanakaa kochi moja, kila mmoja na simu yake, mmoja anacheka peke yake na mwingine haulizi unacheka nini, na wakitengana wanasema hatukuwa na mawasiliano. Lakini nimeshatoka nje ya barua. Mkeo si wa picha, ni wa maboksi.

Dada yako akae kwake. Wifi hatumwi kumchunguza mke wa kaka yake, hata kama ni mcha Mungu. Ukimlipia nauli ya kufuatilia, lazima arudi na habari, maana mtu hawezi kutumwa Dar akarudi mikono mitupu. Atamwona mkeo akicheka na muuza duka, na akifika kwako kicheko kimeshakuwa kingine. Wazee walisema ukimchunguza sana bata huwezi kumla. Na mkeo akijua, hapo utakosa samaki na mpikaji, na mimi sitakupa pole.

Unakwenda mwenyewe. Mwambie leo kwamba umeiondoa amri yako, usimwambie "nimekuruhusu", na umuombe mfuatane safari ijayo. Muende Jumatano. Jumamosi Kariakoo watu wanasukumana, Jumapili maduka mengi ya jumla yamefungwa. Basi la saa kumi na moja alfajiri mpaka Makumbusho, kisha daladala la Kariakoo, muwahi maduka yanapofunguliwa. Fedha ya mtaji iwe mfuko wa mbele, nauli ya kurudi mfuko mwingine na isiguswe hata bei ikishuka vipi. Dukani wewe usiseme neno. Ukiuliza "hili shilingi ngapi" umeshajitangaza kuwa mgeni na bei inapanda, wenye kazi wanauliza dazeni ni bei gani, na wanauliza maduka matatu kabla ya kufungua mkoba. Kazi yako wewe ni sikio. Kila bakuli la udongo ligonge kwa kucha kama unavyogonga ubao kutafuta uliooza: zima linalia kama kengele, lenye ufa linatoa sauti ya debe. Msipange kwa kulaza chini hadi juu, la chini ndilo linalobeba tuta lote. Yasimamishwe kwa ubavu, gazeti katikati ya kila moja, boksi lijazwe mpaka lisitikisike, kamba mara mbili.

Boksi utabeba wewe. Jina la Kariakoo lenyewe limetoka kwa wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Carrier Corps, watu wakalitamka wanavyoweza. Na kwenu Bagamoyo ndiko wapagazi wa misafara kutoka bara walikotua mizigo yao. Mkeo anaijua njia hiyo kwa mabega yake, mara mbili kwa mwezi, halafu unashangaa akifika usiku hataki kuongea.

Mkimaliza mapema, pandeni mwendokasi mpaka Kivukoni, halafu pantoni. Usimuulize anafikiria nini. Simama pembeni yake na boksi lako. Saa tisa alasiri muwe mmeshaanza kurudi, ukichelewa hapo foleni ya Mwenge na Tegeta itawashika na watoto watalala bila kuwaona.

Jambo la mwisho, na hili ni la ufundi wako. Unasema nyumba imejaa mabakuli kana kwamba ni panya. Yamejaa sakafuni kwa sababu hayana pa kukaa, na mwenye nyumba ni seremala. Mtengenezee rafu ya ukutani, ngazi nne, kina cha sentimita 30, na mbele kila ngazi uipigie ukingo wa sentimita tatu ili bakuli lisiteleze mtoto akigonga ukuta. Ya chini kabisa iwe juu ya kimo cha yule mdogo. Lakini kabla hujapima ubao, kamuulize ana mabakuli mangapi na anatarajia kuleta mangapi. Wewe hujui, na dada yako naye hajui.