Kisa cha maabara: namba mbili zilizogombana

Mkuu, umeuliza kama sisi watu wa maabara tuna visa vya kusimulia, maana kila kisa cha hospitali ni cha daktari wa upasuaji. Tunavyo, ila havina kelele. Vingi huanza na namba isiyokaa sawa.

Ilikuwa zamu ya usiku. Mashine ikatoa potasiamu zaidi ya 8, na ya kawaida ni kama 3.5 hadi 5. Kwa namba hiyo moyo unaweza kusimama wakati wowote, kwa hiyo unashika simu kabla ya lolote. Nikiwa nimeishika, jicho likashuka kwenye kalsiamu: haikufika hata 1. Mtu wa kalsiamu hiyo angekuwa anakakamaa.

Nikampigia muuguzi wodini. "Dada, mgonjwa yukoje?"

"Huyu? Amekaa kitandani anagombana na mwenzake kuhusu taa."

Nikaomba apimwe umeme wa moyo na damu itolewe upya. Daktari wa zamu akachukua simu, sauti kali, insulini alishaiandika. "Kwa hiyo unataka nisubiri?" Nikamjibu, "Daktari, naomba damu nyingine tu, naipima hapo hapo." Insulini huisukuma potasiamu ndani ya seli, na anayepewa huku potasiamu yake iko sawa huweza kushuka hadi pabaya. Kipimo cha moyo kikatoka safi. Damu mpya: potasiamu 4 na ushee, kalsiamu kawaida.

Kumbe mshipa ulisumbua, damu ikaingia yote kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, kisha sehemu yake ikamiminwa kwenye chupa ya pili, ile ya kipimo chetu. Ya zambarau ina EDTA, dawa inayozuia damu kuganda kwa kuikamata kalsiamu, na aina tunayotumia ni chumvi ya potasiamu. Ndiyo maana moja ilipanda na nyingine ikaanguka. Kwenye rekodi kisa kizima ni mstari mmoja: sampuli haikufaa.

Wengi hawajui kwamba damu ikitoka mwilini haitulii. Ukiiacha mezani, chembe zinaendelea kula sukari, na baadaye potasiamu inavuja. Sampuli iliyochelewa inasema uongo bila mtu yeyote kukosea.

Ila tabia hiyo hiyo iliwahi kumpa mtu ugunduzi. Novemba 1880, mjini Constantine, Algeria, daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, alikuwa anatazama kwa hadubini damu mbichi ya askari mwenye homa, bila rangi yoyote. Akaona kiduara chenye nyuzi nyembamba zinazochapa huku na huku, zinasukuma hadi chembe nyekundu za jirani. Alikuwa anamtazama kimelea wa malaria, mzima. Raha ya kisa ni kwamba nyuzi zile hazitokei ndani ya mshipa. Ni hatua ya kiume ya kimelea, na kwa kawaida hufanyika tumboni mwa mbu; damu inapopoa kwenye kioo, kimelea anadhani ameshanyonywa. Angeikausha damu ile haraka, kama tunavyofanya sisi kila siku, asingeona kitu kinachocheza.

Wakubwa wa wakati ule walikuwa wanatafuta bakteria wa malaria, wakambeza kwa miaka kadhaa. Tuzo ya Nobel aliipata 1907, na nusu ya fedha akaipeleka Taasisi ya Pasteur kuanzisha maabara ya magonjwa ya kitropiki.