Ukihariri jeni kwa CRISPR, usiiamini bendi moja safi

Anayeanza kuhariri jeni huogopa mkasi: je, Cas9, kimeng'enya cha CRISPR kinachokata DNA, ikikata pasipotakiwa? Ni hofu ya haki. Lakini uharibifu mkubwa hutokea pia palepale ulipotaka ukatwe, na anayeufanya ni seli yenyewe wakati wa kuunga. Cas9 haibadilishi herufi hata moja ya DNA. Hukata nyuzi zote mbili za DNA, herufi 3 kabla ya PAM (mfuatano mfupi ambao Cas9 huutafuta ili ikate), ikaishia hapo. Mengine yote ni kazi ya mafundi wa seli.

Kuna protini za Ku zinazodaka ncha zilizokatika, kisha ligesi IV, kimeng'enya cha kuunga, inazishikanisha. Mara nyingi huunga vizuri tu, na hapo ndipo shida inapoanzia: eneo likirudi kama lilivyokuwa, Cas9 hulitambua na kulikata tena, na tena, hadi kosa litokee. Kuna pia njia ya polimerasi theta, kimeng'enya kingine cha kuunga. Hiyo hutafuta herufi chache zinazofanana pande zote mbili za mkato, ikazilaza pamoja na kutupa kilichokuwa katikati. Kila inapofanya kazi, lazima kuna kinachopotea.

Kwa hiyo fupisha muda wa Cas9 ndani ya seli. Tumia protini ya Cas9 iliyokwisha kushikana na RNA elekezi, ile inayoipeleka mahali pa kukata (RNP), badala ya plazimidi, yaani duara la DNA linalobeba maagizo ya kuitengeneza. RNP humalizika kwa siku moja au mbili. Plazimidi huendelea kuzalisha mkasi kwa siku kadhaa.

Sasa tuje kwenye bendi, yaani mstari unaoonekana kwenye jeli baada ya eneo lililokatwa kunakiliwa kwa PCR. Kawaida praima, vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili, huwekwa herufi 200 hadi 300 kutoka kwenye mkato. Ikiwa nakala moja ya kromosomu imepoteza herufi 3,000, sehemu ya kushikia praima imekwenda nazo, na nakala hiyo haionekani kabisa. Unaona nakala iliyobaki peke yake, bendi moja, mfuatano msafi, unaandika daftarini kwamba nakala zote mbili zimebadilika sawa. Kumbe moja haipo. Mwaka 2018 Kosicki na wenzake walionyesha upotevu wa maelfu ya herufi kwenye mikato ya Cas9, usioonekana kwa vipimo vya kawaida.

Kabla hujakata, tafuta kwenye seli mama mahali ambapo nakala mbili zinatofautiana kwa herufi moja, kila upande wa mkato, umbali wa herufi 2,000 hadi 5,000. Baada ya kuhariri, soma mahali hapo. Ikibaki herufi ya aina moja tu, kuna nakala iliyokatika au iliyoandikwa upya kwa kumwiga mwenzake. Kisha fanya PCR ndefu ya herufi 5,000 hadi 10,000 kwa DNA iliyosafishwa vizuri. Iliyochemshwa harakaharaka huwa imekatikakatika. Usipime wingi kwa ung'avu wa bendi, maana PCR hupendelea vipande vifupi. Idadi ya nakala ihesabu kwa PCR ya matone (sampuli hugawanywa matone mengi na kila moja kusomwa peke yake), au qPCR inayopima wingi kadiri mizunguko inavyoendelea: nakala moja badala ya mbili huchelewa kwa takriban mzunguko mmoja. Ni tofauti ndogo, kwa hiyo rudia kila sampuli mara 3.

Mfano ulio karibu nasi ni selimundu, ambayo Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nayo. Mbinu mojawapo ni kukata promota (sehemu za kuwashia jeni) za HBG1 na HBG2, jeni za hemoglobini ya kichanga, ili hemoglobini hiyo irudi. Jeni hizi ni pacha, kwa hiyo RNA elekezi moja hukata zote mbili. Seli ikiunga ncha ya mbali na ncha ya mbali, herufi kama 4,900 za katikati hutoweka, na praima fupi huleta bendi ya ukubwa uleule! Weka kipimo cha matone ndani ya kipande hicho cha katikati.

Ukikata kromosomu mbili tofauti kwa pamoja, seli haina namna ya kujua ncha ipi ni ya nani, na vipande huweza kubadilishana kromosomu. Kata kwa zamu ikiwezekana. Karaiotaipu, yaani kutazama kromosomu kwa darubini, ya seli 20 itakuonyesha mabadiliko makubwa tu, ya herufi milioni 5 hadi 10 kwenda juu.

Kuhusu dawa za kuzuia DNA-PK (protini inayosaidia kuunga ncha) ili kiolezo chako, DNA unayotaka seli iinakili, kiingie kwa wingi, ziendee kwa tahadhari kubwa. Mwaka 2024 ilionyeshwa kwamba mojawapo, AZD7648, huongeza upotevu mkubwa, hata wa mkono mzima wa kromosomu. Asilimia nzuri uliyoipata inaweza kuwa imepanda kwa sababu nakala zilizoharibika hazikuhesabiwa.

Angalia na p53, protini inayosimamisha seli yenye DNA iliyoharibika, kwenye kila koloni utakalohifadhi. Mkato huiamsha na kusimamisha seli, kwa hiyo seli ambazo p53 yake ni mbovu ndizo zinazowahi kujaza sahani.