Sumaki uani: chora mpaka kabla hujachimba shimo

Mwaka wa tatu baada ya kupanda sumaki (kichaka kinachoitwa sumac kwa Kiingereza), chipukizi la kwanza lilitokeza kwenye nyasi za jirani. Nilikuwa nimesimama dirishani na kikombe cha chai, nikamwona bibi wa nyumba ya pili ameinama, anagusa kitu kwa ncha ya fimbo yake kama mtu anayepima nyoka kama kweli amekufa. Nikatoka na kandambili zangu. Kilikuwa kijiti cha urefu wa shubiri moja, kimevaa vinyweleo vya kahawia kama pembe changa za kulungu wa huku, na majani mawili juu. Kutoka shina nililopanda mimi hadi pale ni hatua nne.

Naishi Saint Paul, Minnesota, mwaka wa 12 sasa. Nyumba tuliyonunua ina mteremko nyuma, mchanga na kokoto tupu. Nyasi nilipanda mara mbili, zikafa mara mbili, na kila mvua kubwa udongo ulihamia kwenye ngazi za mlango wa nyuma. Wakati huohuo, nikiwa njiani kwenda kazini kila Septemba, nilikuwa naona vichaka pembeni mwa barabara kuu vinavyowaka manjano, chungwa, na wekundu wa pilipili iliyoiva, wakati miti mingine yote bado ni kijani. Vimeota kwenye kokoto za reli na kwenye kingo za barabara, hakuna anayevimwagilia maji. Nikajisemea, kinachoishi pale hakishindwi na mteremko wangu. Nikaenda kitaluni nikanunua miche mitatu ya sumaki.

Mama nilipomsimulia kwa simu alisikia "sumaku". "Umepanda sumaku, mwanangu? Inaota?" Tulicheka mpaka salio likakata. Jina ni la Kiarabu, summaq, na waliokaa Muscat au Dubai wanakijua kiungo chake, ule unga mwekundu mchachu wa kunyunyiza juu ya nyama choma na saladi. Ule hutoka kwa ndugu yake wa pande za Mediterania, Rhus coriaria. Hii yangu ni mwenyeji wa Amerika Kaskazini, Rhus typhina, na baridi ya Minnesota inayoshuka mpaka nyuzi 30 chini ya sifuri haiitishi.

Sasa turudi kwa bibi na fimbo yake. Alichoniuliza hakikuwa kuhusu mpaka wa uwanja. Aliuliza, "Hii si ile yenye sumu?"

Swali hilo utaulizwa na kila mtu, kwa hiyo jibu lake ulijue vizuri. Iko kweli sumaki ya sumu, Toxicodendron vernix, na utomvu wake unatoa malengelenge ya kutisha. Lakini yenyewe inapenda kinamasi, mahali pa kuloa miguu mwaka mzima. Ukiikuta kwenye mteremko mkavu nyuma ya nyumba, utakuwa umekutana na muujiza. Tazama matunda: ya sumu ni meupe au ya kijivu-kijani, yananing'inia kwenye vikonyo vilivyolegea. Ya kwangu ni mekundu, yameshonana kwenye kishada kimoja kilichosimama wima mwishoni mwa tawi kama mwenge. Tazama na jani. La sumu lina vijani (vipande vidogo vya jani moja) 7 hadi 13 vyenye kingo laini, la kwangu lina vijani vingi zaidi, pengine hata 31, na kingo zake ni meno ya msumeno. Hizo alama mbili zinatosha. Nilimwonyesha bibi pale pale, nikavunja kijani kimoja nikakisugua mkononi mwangu. Aliangalia mkono wangu kama anasubiri uvimbe.

Kwangu mimi, mtu wa Newala, habari ya utomvu unaounguza haikuwa ngeni hata kidogo. Nimekua nikibangua korosho. Tulikuwa tunazichoma kwenye bati lililotobolewa matundu, mafuta ya ganda yanaruka na kushika moto, na mtoto aliyekosa subira akaing'ata korosho kabla haijabanguliwa vizuri alikaa siku kadhaa na midomo iliyobabuka. Basi mkorosho, mwembe, sumaki na hiyo ya sumu wote ni ukoo mmoja, na kinachounguza kwenye ganda la korosho ni cha aina moja na kinachounguza kwenye sumaki ya sumu. Nilipolijua hilo nilijisikia kama nimekutana na shangazi ugenini. Linabeba pia onyo la kweli: kama wewe au mwanao mna mzio wa korosho au maembe, matunda ya sumaki msiyaonje kwa kujaribu.

Tatizo langu halikuwa sumu, lilikuwa mizizi. Sumaki haisubiri mbegu. Mizizi yake husambaa karibu na uso wa udongo, na kila baada ya umbali fulani inasukuma chipukizi juu. Shina moja linakuwa kumi, kumi linakuwa kichaka chenye umbo la kuba, warefu katikati na wadogo pembeni. Porini hiyo ndiyo sifa yake, na kwenye mteremko wangu ndicho nilichokitaka, kwa sababu ile mizizi iliushika udongo kuliko kitu kingine chochote nilichojaribu. Ila haijui hati ya kiwanja.

Na mimi nikafanya kosa baya kuliko lile la kwanza la kupanda bila mpaka. Nilichukua sepetu nikaanza kuchimba na kukatakata mizizi upande wa jirani kwa hasira, nikaiacha vipande vipande ardhini. Msimu uliofuata nilihesabu machipukizi 17 mahali palipokuwa na matatu. Kila kipande kilichobaki kilijiona mche. Sumu ya kuua magugu nayo usiifikirie kwenye chipukizi lililounganika na mama yake. Dawa inayonywewa na majani husafiri kwenye mizizi hiyohiyo, na unaweza kuamka asubuhi ukakuta umeua ulichokipenda.

Kilichosaidia ni mashine ya kukatia nyasi. Machipukizi yakiwa machanga ni laini kama mchicha, unapita juu yake kila wiki pamoja na nyasi, na hayapati muda wa kuwa mti. Bibi alikubali tufanye hivyo upande wake, na kwenye mpaka nikachimba mtaro wa kina cha sentimita 60, nikasimamisha karatasi nene ya plastiki ya kuzuia mizizi, ukingo wake ukiwa umetokeza kidogo juu ya udongo. Kabla ya mtaro nilipiga 811. Kwa mliopo Marekani, msichimbe bila kupiga namba hiyo. Haikugharimu kitu, na kampuni za huduma zinakuja kupaka rangi pale zilipopita nyaya na mabomba yao. Kumbe bomba la gesi letu linapita katikati ya pale nilipotaka kuanza.

Ningerudishwa nyuma, ningepanda mahali palipozungukwa na kitu kigumu tangu mwanzo: kati ya ukuta wa gereji na lami ya njia ya gari, au kwenye kisiwa cha udongo kilichofungwa na zege. Zaidi ya hapo iwe ni nyasi pana unazokata mwenyewe kila wiki, na zako, si za mtu mwingine. Kama una bustani ya mboga, iweke mbali kabisa. Jamaa mmoja wa Bukavu tunayesali naye alipanda yake mita mbili kutoka kwenye tuta la lengalenga, mchicha wetu huo, na sasa anapalilia sumaki badala ya magugu.

Na si lazima uchukue hii kubwa, inayofika mita 5 na kupita. Kwa uwanja mdogo ipo yenye majani ya manjano yaliyochanikachanika kama kitambaa cha pazia, inauzwa kwa jina la Tiger Eyes. Ilipatikana hapahapa Minnesota mwaka 1985 kwenye vitalu vya Bailey, inaishia karibu na mita 2, na machipukizi yake si mengi kama ya mama yake. Kwa mteremko unaotaka kufunikwa tu bila kuziba dirisha, tafuta Rhus aromatica ya aina ya Gro-Low. Haivuki goti sana lakini inatanuka mita 2 na zaidi. Angalizo: ina vijani vitatu vitatu, kwa hiyo wageni wataidhani ni ule mtambaa wenye sumu wa hapa, poison ivy. Utachoka kueleza.

Utunzaji wenyewe hauna mengi. Jua la kutosha, udongo usiotuamisha maji. Mwaka wa kwanza mwagilia, wa pili acha. Mbolea usitie, mwenzangu mmoja alitia samadi akapata mabua marefu yasiyo na nguvu, upepo wa Juni ukayalaza yote. Mti wake ni mwepesi na una uboho katikati, tawi linavunjika kirahisi. Wenyeji asilia wa hapa walikuwa wanautoa ule uboho na kulifanya tawi kuwa bomba la kugemea maji matamu ya mti wa mepo (maple). Shina likizeeka na kuchakaa, likate karibu na ardhi mwishoni mwa baridi kabla halijachipua, litatoa mapya yenye majani makubwa.

Mambo mawili yatakutia presha bure. La kwanza, Mei. Maua ya jirani yameshachanua, kila kitu ni kijani, na sumaki yako imesimama vijiti vitupu kama mitaimbo iliyosahauliwa. Haijafa. Inachelewa kuamka, ndivyo ilivyo. Mwaka wa kwanza nilikwenda kuing'oa, mume wangu akanizuia kwa sababu tu alikuwa hataki kuona shimo lingine uani.

La pili ni kutopata vile vishada vyekundu. Sumaki ina dume na jike kama mpapai. Kichaka kizima kilichotokana na mizizi ya shina moja ni jinsia moja, hata kikiwa na mashina hamsini. Ukitaka matunda, nunua mche wakati una kishada juu yake, au omba chipukizi kwa mtu ambaye umeona kichaka chake kimezaa. Chipukizi lihamishe mapema, kabla ya majani, ukichimba na kipande kirefu cha mzizi wake na kulipunguza urefu. Mbegu usijisumbue nazo, ganda lake ni gumu na bila kulikwaruza au kulimwagia maji ya moto utasubiri miaka.

Adui wa kweli ni sungura. Januari theluji inapopanda, wanasimama juu yake na kutafuna gome mzunguko mzima, na shina lililochunwa hivyo limekwisha. Zungushia wavu wa waya, na uupime juu ya theluji, si juu ya udongo. Mimi niliupima juu ya udongo.

Agosti nachuma vishada vya kutengenezea kinywaji, siku kavu, kabla mvua kubwa haijasuuza uchachu wake, maana uchachu uko kwenye vinyweleo vya nje. Vishada sita hadi vinane kwenye lita mbili za maji baridi. Sisemi vuguvugu, nasema baridi, kwa sababu maji ya moto yanatoa ukakasi unaokausha ulimi kama ndizi mbichi. Navifikicha kwa mkono, naacha saa chache, nachuja kwa kitambaa safi mara mbili ili vile vinyweleo visikukwaruze koo, natia sukari. Rangi inakuwa ya waridi. Ladha ni ya ukwaju uliokutana na limau, na watoto wangu, ambao ukwaju hawautaki, huu wanaumaliza.

Vishada vingine naviacha palepale. Vinakaa juu ya matawi baridi yote, na Februari, chakula kinapokwisha kila mahali, ndege wadogo wenye kofia nyeusi wanakuja kuvidonoa, kila bonge la theluji likianguka wanaruka na kurudi. Bibi wa jirani ameweka kiti chake dirishani upande huo. Mwaka jana aliniomba chipukizi moja. Nilimpelekea likiwa kwenye nusu pipa, na nikamwomba kwa heshima zote lisitoke humo.